MUSWADA UKIRUDI BUNGENI SI VITA

Sisi tukaao Kihonda, kandokando ya barabara kuu iendayo Dodoma, hatuhitaji kutangaziwa kwamba Bunge linakaribia kuanza. Magari ya Serikali huongezeka, mabasi hujaa watu wenye mikoba ya makaratasi, na tangu katikati ya mwaka 2024 treni ya umeme nayo imechukua sehemu ya msafara huo. Baada ya wiki chache, au miezi kadhaa ikiwa ni mkutano wa bajeti, watu wale wale hurudi wakielekea Dar es Salaam, na baadhi yao hupanda boti kwenda Unguja na Pemba.

Zamani si watu peke yao waliokuwa na safari. Bunge likikaa Dodoma na Rais akiwa Ikulu ya Magogoni, Muswada uliokwisha kupitishwa na Wabunge ulikuwa bado na mwendo wa kilomita kama 450 mbele yake kabla haujaitwa sheria. Siku hizi mwendo umefupika. Ikulu ya Chamwino ilizinduliwa Mei 2023, nayo haiko mbali na ukumbi wa Bunge. Lakini kilichofupika ni njia tu. Mlango wa mwisho ni ule ule, mwenye ufunguo ni yule yule, na masharti ya kuufungua na kuufunga hayajaguswa. Ni mlango huo tunaotaka kuuzungumza leo.

Wasomaji wetu wa Visiwani huuliza, na swali lao ni la haki: yawezekanaje watu zaidi ya mia tatu waliotumwa na wananchi wakubaliane juu ya jambo, kisha mtu mmoja akalizuia kwa kutotia saini? Maofisa wa Serikali, kwa upande wao, hujibu kwamba madaraka hayo karibu hayatumiki kabisa katika nchi yetu, na kwamba si vema kuwatia wananchi wasiwasi kwa jambo lililomo vitabuni tu. Sisi twaona kwamba pande zote mbili zinalitazama jambo hili kwa jicho moja. Kwa maoni yetu, kosa halimo katika Rais kuwa na madaraka ya kuurudisha Muswada. Kosa ni kwamba madaraka hayo yamefungwa pamoja na kitisho kikubwa kiasi kwamba hakuna anayethubutu kuyatumia, na nchi imejizoeza kutia saini kwanza na kurekebisha baadaye.

Tuanze na Katiba yenyewe. Ibara ya 62 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977 yasema kwamba Bunge lina sehemu mbili, yaani Rais na Wabunge. Wengi hulisahau jambo hili. Rais si mgeni anayebisha hodi kwenye kazi ya kutunga sheria. Yeye ni sehemu ya Bunge, ingawa hakai ukumbini. Kisha Ibara ya 97 yaeleza kwamba Muswada ukishapitishwa hupelekwa kwake, naye aweza kuukubali au kukataa kuukubali. Akikataa, hana ruhusa ya kuufungia kabatini. Yampasa aurudishe Bungeni pamoja na maelezo ya sababu zake.

Magazeti na redio huyaita madaraka haya kura ya turufu. Neno hilo limetoka kwenye karata, na ndugu zetu wa Visiwani, ambao barazani kwao karata huchezwa hata magharibi ikaingia, wanajua maana yake: turufu ikitupwa, hukusanya karata zote zilizo mezani. Ndivyo ilivyo katika Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, ambako dola moja kati ya tano ikikataa, azimio limekufa. Katiba yetu hailitumii neno hilo kwa Rais, na ni vizuri haikulitumia, kwani karata yake haikusanyi zote. Bunge laweza kuujadili tena Muswada uliorudishwa. Ukiungwa mkono na theluthi mbili ya Wabunge wote, si ya wale waliohudhuria siku hiyo, waweza kupelekwa tena kwa Rais bila kungoja. Usipopata idadi hiyo, hauwezi kupelekwa tena kabla ya miezi sita kupita.

Hadi hapo hatuna ugomvi na utaratibu huu. Mtu mwenye busara hukubali kuulizwa mara ya pili, na chombo chenye busara vivyo hivyo. Ugomvi wetu uko katika fasili ya nne ya Ibara hiyo hiyo. Ikiwa Wabunge wamesimama na theluthi mbili zao, na Muswada ukapelekwa tena kwa Rais ndani ya miezi sita, basi yampasa Rais kuukubali katika muda wa siku 21, ama sivyo atalazimika kulivunja Bunge.

Msomaji asidhani kwamba hilo ni buni la juzi. Mizizi yake imo katika Katiba ya Jamhuri ya Tanganyika ya mwaka 1962, na waliolitunga walikuwa na hoja. Rais amechaguliwa na wananchi, na Wabunge wamechaguliwa na wananchi. Wakishindwana kabisa, mwamuzi awe nani kama si yule aliyewatuma wote wawili? Na kwa kweli kisu hiki kina makali pande zote. Ibara ya 38 inaeleza kwamba Bunge likivunjwa, kiti cha Rais nacho huwa wazi na uchaguzi wa Rais hufanyika. Rais anayewarudisha Wabunge kwa wananchi, yeye mwenyewe naye anarudi. Kwenye karatasi, huo ni usawa mzuri.

Lakini maisha hayaishi kwenye karatasi. Mbunge akikoma kuwa mwanachama wa chama kilichompeleka Bungeni, Ibara ya 71 humwondolea kiti. Anayetaka kurudi lazima kwanza chama kimpitishe, na kwa desturi yetu Mwenyekiti wa chama kinachotawala ndiye Rais. (Palikuwa na miaka mitano, kati ya 1985 na 1990, ambapo Mzee Mwinyi alikuwa Rais na Mwalimu Nyerere akabaki Mwenyekiti, lakini hiyo ilikuwa njia ya kupokezana, haikuwa kanuni.) Wakati wa chama kimoja jambo hili halikuwa na uficho, kwani Chama kilishika hatamu. Tangu vyama vingi virudi mwaka 1992 sura imebadilika, ila hesabu ya Mbunge mmoja mmoja ni ile ile. Ili theluthi mbili zipatikane dhidi ya Rais, wengi wa chama chake mwenyewe wasimame hadharani, wahesabiwe majina, kisha waende kwenye uchaguzi wakimwomba huyo huyo awapitishe. Atakayefanya hivyo ni mtu shujaa, na nchi haiwezi kutegemea kwamba itapata mashujaa mia mbili na sitini kwa wakati mmoja.

Liko na jambo la pili linaloyafanya madaraka haya yasinzie. Miswada yetu karibu yote hutoka Serikalini. Imepita katika Baraza la Mawaziri, na mwenyekiti wa Baraza hilo ni Rais. Ile inayogusa kodi na fedha za Serikali haiwezi hata kushughulikiwa na Bunge bila pendekezo la Rais, kwa mujibu wa Ibara ya 99. Basi Muswada unapofika mezani kwake mara ya mwisho, unafika kama mtoto aliyetoka nyumbani asubuhi akarudi jioni. Kuukataa ni kuwaumbua mawaziri wake waliousimamia, na kukiri kwamba yeye mwenyewe aliukubali ulipokuwa bado na kasoro. Wapo watakaosema hiyo ndiyo sababu hakuna haja ya mlango huu. Sisi twasema hiyo ndiyo sababu ya kuufanya uwe mlango wa kawaida, usiotisha, kwani Muswada uliotoka nyumbani asubuhi waweza kukutana na mengi njiani.

Tutoe mifano ambayo maofisa wetu wanaikumbuka. Novemba 2011 Bunge lilipitisha Muswada wa Sheria ya Mabadiliko ya Katiba. Wapinzani wengi walikuwa wametoka ukumbini, na vyama vya kiraia vilikuwa vikipiga kelele kwamba haukujadiliwa vya kutosha. Rais Kikwete aliwapokea Ikulu viongozi wa CHADEMA, akawasikiliza, kisha tarehe 29 Novemba akatia saini. Februari 2012, sheria ambayo wino wake ulikuwa haujakauka vizuri ikarudi Bungeni kurekebishwa.

Mwaka 2013 mambo yalijirudia, na safari hii Visiwani ndiko kulikokuwa kiini cha ugomvi. Mwezi wa Septemba uliletwa Muswada wa kuirekebisha sheria hiyo hiyo, iliyokuwa ikiandaa njia ya Bunge Maalumu la Katiba. Wapinzani walidai kwamba wadau wa Zanzibar hawakuulizwa ipasavyo. Serikali ikajibu kwamba Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilishirikishwa. Ukumbini pakazuka vurugu ambazo hatuna haja ya kuzisimulia, maana waliokuwa na televisheni waliziona. Wapinzani wakatoka, Muswada ukapita, na vyama vya CHADEMA, CUF na NCCR-Mageuzi vikaungana kumwomba Rais asiutie saini. Oktoba Rais akatia saini. Mwezi huo huo akakutana na viongozi wa vyama Ikulu, wakaafikiana kwamba mapendekezo yaletwe ili sheria irekebishwe tena, na kabla mwaka kwisha marekebisho yakafika Bungeni.

Tunamtendea haki Rais yule kwa kusema kwamba alisikiliza. Alifungua mlango wa Ikulu kwa watu ambao wangeweza kufungiwa. Lakini tazameni jinsi jambo lilivyokwenda kinyumenyume. Malalamiko yalikuwapo kabla ya saini. Rais aliyajua kabla ya saini. Hata nia ya kurekebisha, kama tunavyoweza kuisoma kutokana na yaliyofuata, haikuwa mbali. Kwa nini basi Muswada haukurudishwa Bungeni na barua ya ukurasa mmoja isemayo: nendeni mkawasikilize watu wa Zanzibar juu ya vifungu hivi, kisha mniletee tena? Katiba ilikuwa imemwekea njia hiyo tayari. Mapatano yakafanywa sebuleni, si ukumbini, na mwananchi wa Wete au wa Makunduchi hakuona maandishi yoyote yanayosema kwamba hoja yake ilikuwa na uzito.

Mfano wa tatu ni wa Novemba 2016. Muswada wa Huduma za Vyombo vya Habari ulipitishwa na kutiwa saini katika mwezi mmoja, huku wenye kazi ya habari wakiomba muda zaidi. Machi 2019 Mahakama ya Afrika Mashariki iliyopo Arusha ikaamua kwamba baadhi ya vifungu vyake vinakwenda kinyume na Mkataba wa Jumuiya. Mwaka 2023 Bunge likaifanyia sheria hiyo marekebisho. Miaka saba ya mashtaka, malumbano na magazeti kufungiwa ilipita kati ya saini na marekebisho. Hatusemi kwamba kuurudisha Muswada mwaka 2016 kungemaliza kila ugomvi. Twasema kwamba swali lililojibiwa mahakamani lingeweza kujibiwa kwanza Dodoma.

Sasa tuwageukie wasomaji wetu wa Visiwani kwa namna ya pekee, kwa sababu katika jambo hili wao wana hesabu yao.

Mtu wa Unguja au Pemba aliye mtu mzima anajua kwa urithi wa simulizi maana ya sheria yenye mlango mmoja. Zama za ukoloni sheria za Zanzibar zilitoka kwa jina la Sultani, na Balozi Mkazi wa Kiingereza akaweka saini yake pembeni. Hata Baraza la Kutunga Sheria lilipoundwa mwaka 1926, saini ya Balozi ilibaki. Baada ya Mapinduzi ya 1964, Baraza la Mapinduzi lilitawala na kutunga sheria pamoja, hadi Baraza la Wawakilishi lilipoanza kazi mwaka 1980. Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984 ikampa Rais wa Zanzibar nafasi yake katika kuidhinisha miswada ya Baraza hilo. Kwa hiyo Wazanzibari wana miaka arobaini na kitu tu ya kuona sheria ikijadiliwa na wawakilishi kisha ikapelekwa kwa Rais, na wana haki ya kuwa wepesi wa kuuliza.

Katika Bunge la Muungano, hesabu ni hii. Yapo mambo ya msingi ya Muungano ambayo, kwa Ibara ya 98, hayabadilishwi katika Katiba mpaka zipatikane theluthi mbili za Wabunge wa kutoka Bara na theluthi mbili za Wabunge wa kutoka Zanzibar, kila upande ukihesabiwa peke yake. Hiyo ni ngao. Lakini sheria ya kawaida haina ngao hiyo, hata ikiwa inahusu bandari, uraia, polisi au jambo lingine la Muungano linalogusa maisha ya Visiwani kila siku. Katika uchaguzi wa 2025 majimbo ya Bara yalikuwa 222 na ya Zanzibar 50. Ukiongeza na viti maalumu vya wanawake vya upande wa Bara, theluthi mbili za Ibara ya 97 zaweza kutimia bila Mbunge hata mmoja wa Visiwani kuinua mkono. (Mkazi wa Mafia, ambaye naye ni mtu wa kisiwani na huvuka bahari kama wengine, huhesabiwa upande wa Bara, maana Mafia ni wilaya ya Mkoa wa Pwani. Siku moja tutaandika habari zake.)

Iko Ibara ya 132 ya Katiba ya Zanzibar, nayo yasema kwamba sheria ya Bunge haitatumika Zanzibar ila iwe ni kwa mambo ya Muungano tu, na lazima ipelekwe mbele ya Baraza la Wawakilishi na Waziri anayehusika. Ni kifungu kizuri, ila kinafanya kazi nyuma ya saini. Wawakilishi wanaletewa jambo lililokwisha. Wakiona kasoro, kasoro hiyo imeshakuwa sheria upande wa pili wa bahari.

Ndipo tunapowaambia wasomaji wetu wa Visiwani jambo ambalo huenda wasilitarajie kutoka kwetu. Msiyachukie madaraka ya Rais ya kuurudisha Muswada. Kwa hesabu zilivyo, Rais ndiye mtu wa mwisho ambaye kwa cheo chake amechaguliwa na Bara na Visiwani kwa kura moja, na meza yake ndiyo mahali pa mwisho ambapo Muswada uliopita kwa wingi wa upande mmoja waweza kuulizwa: je, upande wa pili ulisikilizwa? La kudai ni kwamba swali hilo liulizwe kweli, kwa maandishi, na hadharani.

Majirani zetu wamejaribu njia mbalimbali, na si zote za kuigwa. Uingereza, ambako mtindo wa mabunge yetu ulitoka, Malkia Anne alikataa Muswada mwaka 1708 na tangu hapo hakuna mfalme wala malkia aliyekataa tena. Kule uzito wote umo Bungeni. Uganda humpa Rais siku 30, na Muswada ukiwa umepitishwa tena kwa theluthi mbili, mwisho wake huwa sheria hata bila saini. Katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mambo ni magumu zaidi: Muswada wa Bunge la Arusha ukirudishwa, ukajadiliwa na kupelekwa tena, Mkuu wa Nchi mmoja tu akikataa, umekufa. Hiyo ndiyo turufu ya kweli.

Kenya ndiyo yenye mafunzo mengi. Katiba yao ya 2010 yampa Rais siku 14 za kutia saini au kurudisha. Bunge likiupitisha tena kwa theluthi mbili, ana siku saba, na zikipita bila saini Muswada huhesabiwa kuwa sheria. Hakuna Bunge linalovunjwa kwa sababu hiyo. Na kweli Marais wa Kenya wamerudisha miswada mara nyingi bila nchi kutikisika. Lakini njia ile nayo ina shimo lake. Septemba 2018 Rais Uhuru Kenyatta aliurudisha Muswada wa Fedha akiwa ameandika mwenyewe kwamba kodi ya ongezeko la thamani kwenye mafuta iwe asilimia 8 badala ya 16. Wabunge waliotaka kuiondoa kabisa walihitaji theluthi mbili ili kuyakataa maneno yake, lakini hawakuzipata, na ukumbi ukageuka kelele. Rais akawa mwandishi wa sheria, na Bunge likawa ndilo linaloomba ruhusa. Hilo hatulitaki hapa. Rais aseme kasoro iko wapi na kwa nini; maneno mapya ayaachie Bunge.

Kisha likaja la Juni 2024. Bunge la Kenya liliupitisha Muswada wa Fedha huku vijana wakiwa barabarani, na tarehe 25 wakaingia hadi ndani ya majengo ya Bunge, na watu wakauawa kwa risasi. Siku iliyofuata Rais Ruto akatangaza kwamba hautii saini. Kifungu cha kurudisha kikafanya kazi, lakini kikachelewa kwa siku moja iliyogharimu maisha ya watu.

Kuchelewa kwa namna hiyo si kugeni kwetu hapa Morogoro. Katika miaka ya mwanzo ya 1950 wakoloni walileta mpango wa ardhi ya Uluguru. Wakulima wa milimani wakaamriwa kuchimba matuta ya ngazi ili udongo usichukuliwe na mvua. Waliotoa amri walikuwa na sababu zao, maana udongo kweli ulikuwa ukishuka. Lakini aliyeambiwa achimbe hakuwa na mahali pa kusema kwamba udongo wa chini haukuwa na rutuba na kwamba kazi ilikuwa ikimmaliza. Amri ilikwenda upande mmoja tu. Julai 1955, kule Matombo, watu walikusanyika kukataa, risasi zikalia, mtu mmoja akafa. Baada ya hapo Serikali ya kikoloni ikaachana na kulazimisha matuta. Nayo pia iliirudisha sheria yake, ila ilirudishwa na miguu ya watu.

Kwa hiyo tunatoa mapendekezo yetu kwa Serikali, kwa Ofisi ya Mwanasheria Mkuu, na kwa wote watakaoshika tena kazi ya Katiba, kazi ambayo tangu Katiba Inayopendekezwa ilipopitishwa na Bunge Maalumu Oktoba 2014 imebaki ikingoja kura ya maoni iliyopangwa Aprili 2015 na kuahirishwa.

Kitisho cha kulivunja Bunge kiondolewe katika Ibara ya 97. Theluthi mbili ya Wabunge wote ni mlima wa kutosha. Aliyeupanda asiambiwe kwamba kileleni kuna shimo. Muswada ukipitishwa tena kwa idadi hiyo, siku 21 zikipita bila saini, uwe sheria. Serikali inayoona haiwezi kuendelea na Bunge hilo ina njia nyingine katika Ibara ya 90.

Pili, Katiba iweke muda wa saini ya kwanza. Leo yaeleza siku 21 kwa Muswada uliorudi, lakini kwa ule uliofika mara ya kwanza haitaji siku hata moja. Rais mwema hatakawia, tunajua, lakini katiba haziandikwi kwa ajili ya marais wema peke yao.

Tatu, na hili halihitaji kubadilisha Katiba wala kupiga kura, Rais atakaporudisha Muswada unaohusu mambo ya Muungano, maelezo yake yasomwe Bungeni na nakala ipelekwe kwa Spika wa Baraza la Wawakilishi siku hiyo hiyo, ili Wawakilishi wapate kusema kabla ya saini. Na Waziri anayeleta Muswada wa namna hiyo aambatishe tangu mwanzo taarifa ya nani aliulizwa Zanzibar, lini, na alijibu nini. Kama taarifa hiyo haipo, Rais atakuwa na sababu iliyo nyepesi na isiyomwaibisha mtu ya kuurudisha. Ugomvi wa 2013 ulikuwa juu ya neno la huyu dhidi ya neno la yule; karatasi moja ingeumaliza.

Maofisa wengine watatuambia kwamba Rais akirudisha Muswada, maadui wa Serikali watasema nyumba imegawanyika. Watasema, bila shaka. Wamekwisha sema makubwa zaidi ya hayo kuhusu sheria zilizotiwa saini upesi na kurekebishwa baada ya miezi mitatu. Mwalimu wa shule hurudisha daftari la mwanafunzi na alama nyekundu, na hakuna anayesema kwamba mwalimu na mwanafunzi wamepigana.

Anayeshika nakala ya sheria yoyote ya nchi hii ataona juu yake tarehe ambayo Rais alikubali, na mwishoni tarehe ambayo Bunge liliipitisha. Kati ya tarehe hizo mbili hapana maneno hata moja. Tunamwomba Mwanasheria Mkuu afikirie kuweka hapo mstari mmoja, utakaosema kama sheria ile iliwahi kurudishwa, na kwa sababu gani.